Chui na wale saba wa kwa gunia

Alhamisi. Ukungu haijatoka tangu asubuhi, na matope imefika mpaka mlango ya jikoni.

Ni hapo kwa gunia ndio tuliachia, eh? Chebet, andika vile nasema, usinitengenezee. Watu wa hiyo blogi yako wajue ni gogo yako, nyanya yako, anaongea, na gogo yako hakuenda shule.

Hiyo gunia ilikuwa ya mbolea. Nilitia watoto wa mbwa yangu Chui ndani, wote saba, macho haijafunguka. Siku ya soko hapa Olenguruone nikawaacha nyuma ya bucha. Nilijiambia mahali pa nyama hawawezi kosa mtu wa kuwahurumia. Halafu nikaenda kununua kabeji. Kabeji siku hizo zilikuwa nzito, si hizi za sasa zimejaa maji tu.

Nilikuwa najidanganya. Mtoto hajafungua macho atakula mfupa?

Jioni ikanyesha mvua ya mawe. Chui akapotea siku mbili. Ya tatu nikatoka kukamua, nikampata kwa mlango, mmoja kwa mdomo. Huyo mtoto alikuwa amekufa. Akaniwekea hapo mbele ya viatu zangu za gambuti, akaniangalia.

Afadhali angeniuma.

Na kabla ya hao saba, ni mimi nilikataa akatwe. Daktari wa mifugo alikuja hapo kwa dip ya kuogeshea ng'ombe dawa kufunga mbwa kizazi. Nikafungia Chui kwa stoo ya mahindi, nikasema sina mbwa. Chui akabweka huko ndani. Daktari akacheka, "Mathe, hiyo stoo yako inabweka." Nikamwambia ni mbwa ya jirani. Nikamwambia tena kazi ya Mungu haikatwi, na mbwa isiyozaa inalegea, mwizi anaipita kama kisiki. Wamama wa kanisa walikuwa hapo, wakasema ameni.

Sasa hii ingine, Chebet. Andika tu.

Mimi mwenyewe nilifungwa kizazi.

Ni baada ya kuzaa mama yako, huyo wa nane. Nilimwambia babu yako naenda Nakuru kuona dada yangu. Nikalala hospitali, nikarudi na mkate, watoto wakafurahia mkate. Babu yako alikufa akijua ni Mungu aliamua tumetosha.

Mbona umeacha kuandika?

Nilikuwa nimechoka. Watoto wanane, hii baridi, shamba, maji ni ya kubeba na mgongo. Hakuna mtu alinihubiria, kwa sababu hakuna mtu alijua. Chui amezaa mara nne, matiti inaburuta kwa majani, na mimi huyo nasimama kwa dip nahubiri.

Juzi nikampigia daktari mwenyewe. Yuko njiani. Lakini naogopa. Chui si msichana tena. Akidungwa hiyo sindano ya usingizi na asiamke, nitasema nilimsaidia? Na akiamka, ataniangalia tena vile? Kutoka asubuhi nimesema akatwe, nimesema asikatwe, nimesema...

"Mathe! Nimefika! Shika mbwa, ama leo pia ni ya jirani?"

Umesikia huyo? Chui naye amemsikia, ameingia chini ya stoo. Huko hawezi kutolewa na mtu mwingine. Ni mimi tu nikiita anakuja. Mpaka leo, baada ya hiyo gunia, bado anakuja.

Weka chini hiyo simu unaandikia. Wacha niende nimwite.