Pijo la Baba Lina Gia Tano Sasa

Jumapili, mchana, Mbagala. Mvua ya masika imegoma kukatika tangu alfajiri, na mimi nimegoma kutoka kwenye huu mgahawa wa intaneti.

Nanuka kamba. Dada aliyekaa kwenye kompyuta ya jirani ameshasogeza kiti mara mbili, na simlaumu. Nimetoka kushusha mzigo, sijaoga, na nina jambo limenikaa kooni tangu jana. Nyumbani siwezi kulisema. Hapa, kwenye shajara yangu ya mtandaoni, angalau wanaosoma hawamjui baba yangu.

Shajara, nimeharibu.

Nianze na gari. Kamba nawanunua kwa wavuvi wa Salale, mashua zao zinapofika Nyamisati, nawapanga kwenye masanduku ya barafu na kuwaleta Dar kwa Pijo pikapu la baba. Gari hilo ni kubwa kwangu kwa umri. Baba alilinunua kwa mwenye duka la vitambaa pale Kibiti, na limebeba korosho, maharusi na maiti. Mti wake wa gia, ule mpini wa kubadilishia gia, ulikuwa ubavuni mwa usukani, si sakafuni kama magari ya siku hizi, kwa hiyo mbele kuna kiti kirefu kimoja: baba kwenye usukani, mama katikati, mimi dirishani. Ndivyo nilivyokua.

Gia zilikuwa nne. Kwa barabara yetu ya zamani, ile ya mashimo na mchanga, nne zilitosha na kubaki. Lakini tangu lami ije, kila mtu ana haraka, na mimi nikiwemo. Ukilikimbiza Pijo kwenye lami injini inapiga kelele mpaka unaona huruma, petroli inakwisha huku unaitazama, na barafu inakuwa maji kabla sijaifikia Kongowe. Wenzangu siku hizi wana magari yenye majokofu. Mnunuzi akishaona kichwa cha kamba kimeanza kuwa cheusi, hata salamu yake inabadilika.

Ndipo Shomari, fundi wetu wa Kibiti, aliponiambia kuna giaboksi imetoka Dubai, ya Pijo la miaka ya karibuni, yenye gia tano. Hiyo ya tano ni ya safari ndefu, akasema: gari linakimbia, injini inapumzika. Sikulala vizuri usiku ule, kwa tamaa.

Nilitaka kumshtukiza baba. Alikuwa Dimani kwenye msiba wa binamu yake, na gari aliliacha kwa sababu njia ya huko ilikuwa tope tupu. Nikaona ndiyo nafasi yangu. Nikampelekea Shomari gari.

Kazi yenyewe si ya kufungua na kufunga tu. Giaboksi mpya ni ndefu kuliko ya zamani, kwa hiyo propela, ule mhimili wa chini unaozungusha magurudumu ya nyuma, ilibidi ifupishwe kwa mchomeleaji. Na mti wake wa gia hautoki kwenye usukani, unatoka chini, hivyo sakafu ilibidi ikatwe katikati ya kile kiti kirefu. Kabla hajakata, Shomari alifuta mikono akaniuliza taratibu:

"Dada, mzee ataiweza gia ya chini?"

Hapa sasa lazima niseme jambo ambalo sijawahi kulisema wala kuliandika.

Mkono wa kushoto wa baba haunyooki. Alianguka kutoka juu ya lori la korosho kabla sijazaliwa, kiwiko kikaunga vibaya, na tangu hapo huubeba umekunjwa mbele ya kifua kama mtu aliyeshika kikombe cha chai. Nyumbani kwetu mkono huo hautajwi. Hakuna aliyetukataza. Ndivyo tulivyolelewa tu, kwamba kilema cha mzazi hakisemwi na hakitazamwi, hata kwa kumhurumia. Mama humwekea kila kitu upande wa kulia. Mimi nikimwona anatoka na mzigo nampokea kabla hajafika mlangoni. Tumezoea kujifanya hatuuoni mpaka kweli tumeacha kuuona.

Na ule mti wa gia wa usukanini ulikuwa palepale mkono wake unapokomea.

Shomari ana macho. Nilijua alichokuwa anauliza, na kwa dakika ile niliuona mkono wa baba kama ulivyo. Lakini kumjibu sawasawa ilikuwa ni kuutaja mbele ya mtu baki, gereji, watu wamekaa wanasikiliza. Nikaona haya. Na niseme kweli yote, maana hapa ndipo ninaposemea kweli: nilikuwa na haraka pia. Kamba walikuwa wananisubiri Nyamisati. Nikajibu kwa kiburi kwamba baba yangu ameendesha magari kabla yeye hajazaliwa, ataizoea.

Shomari akawasha mashine ya kukatia.

Giaboksi ya zamani, na vyuma vyake vyote vya kwenye usukani, nilimwambia auze kwa watu wa vyuma chakavu.

Sitasema uongo, siku ya kulijaribu nilifurahi kama mtoto. Nilipoingiza tano kwenye lami, ile kelele niliyoizoea maisha yangu yote ikashuka, gari likawa linateleza tu, na mimi nikaanza kuimba peke yangu. Akilini nikamwona baba akicheka. Nikamsikia akiwahadithia watu msikitini.

Baba alirudi Alhamisi. Kila Ijumaa, baada ya swala, baba huendesha mwenyewe hadi Mahege kumwamkia shangazi yangu, dada yake mkubwa. Humpelekea tambuu na habari za mjini. Haendi na mtu. Mama alishaacha zamani kuomba kufuatana naye, alijua hiyo ni safari yake.

Ijumaa, kabla ya swala, nikamkabidhi ufunguo na kumweleza. Alilizunguka gari na kanzu yake nyeupe, akatabasamu, akaingia, akawasha, akakanyaga klachi. Mkono wa kushoto ukaenda ubavuni mwa usukani, kama ulivyokwenda siku zote.

Hapakuwa na kitu.

Mkono ukabaki pale hewani. Kisha akatazama chini, akauona mti wa gia. Akainama. Akainama zaidi, mwili mzima, mpaka kofia yake ikagusa usukani, na bado vidole viligusa tu kile kirungu cha juu, havikuweza kukishika. Mama alikuwa mlangoni. Mimi nilikuwa pembeni ya gari, karibu kabisa, ningeweza kusema neno lolote.

Tulitazama kando, wote wawili. Hata pale tulitazama kando.

Baba akazima injini, akateremka, akanirudishia ufunguo. "Gari limekuwa zuri, mwanangu. Hongera." Akaenda msikitini kwa miguu. Mahege hakwenda.

Afadhali angenigombeza. Angenifokea mpaka majirani watoke, ningejua pa kushika. Jioni mama alinijia jikoni, akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

"Si ungeniuliza hata mimi?"

"Ungenijibu nini, mama?"

Akaongeza kuni. Alijua, na mimi nilijua, kwamba naye asingeutaja ule mkono.

Jana nikamwambia baba nitampeleka Mahege. Akakubali upesi mno. Mama nilimkaribisha, akaitazama ile nafasi yake ya katikati, akasema, "Nikae wapi, juu ya mti wa gia?" Alikusudia mzaha, hakuna aliyecheka, naye akabaki nyumbani. Baba akakaa upande wa abiria, kushoto kwangu. Nilipowasha gari, mkono wake wa kulia, ule mzima, ukatua juu ya mti wa gia.

"Kanyaga klachi," akasema.

Nikakanyaga. Akaingiza moja. Tukaondoka hivyo, mimi usukani na miguu, yeye gia. Hakukosea hata mara moja. Anaisikiliza injini na kujua inataka nini kabla mimi sijajua. Nilianza kufikiri labda mambo yameisha, labda tumepata namna yetu.

Shangazi alikuwa barazani kwake. Ni mzee sana sasa na hachagui maneno. Alitusubiri mpaka tukamwamkia, akanitazama mimi na ufunguo mkononi, halafu akamgeukia mdogo wake.

"Leo umeletwa?"

"Nimeletwa," baba akasema.

Basi. Hilo neno moja ndilo limenikaa kooni. Baba yangu, aliyewapeleka watu wa wilaya nzima hospitali na harusini, analetwa kama kifurushi.

Wakati wa kurudi tulipofika kwenye lami akaingiza nne. Gari likakolea. Nikaweka mguu juu ya klachi, tayari, nikingoja aingize tano asikie ile raha niliyomnunulia. Nikangoja. Akauondoa mkono kwenye mti wa gia, akauweka mapajani juu ya ule mwingine.

"Nne inatosha," akasema, akatazama dirishani mpaka nyumbani.

Leo nimekuja peke yangu na mzigo. Baada ya Bungu niliingiza tano, injini ikatulia kama siku ile, na sikuona raha yoyote. Nikarudisha nne. Nimekuja nayo hiyo nne njia nzima, na kelele zake zote, kama mjinga, na barafu imeyeyuka, na mnunuzi amewageuza kamba wangu huku na huku akaguna. Haikumsaidia baba chochote. Najua.

Kabla sijaingia humu nilimpigia simu Shomari. Giaboksi ya zamani imeshaondoka na lori la vyuma, haipatikani tena. Nikadhani ndiyo mwisho. Lakini akaniambia mti wa gia unaweza kuunganishwa chuma, ukarefushwa, ukapindwa kwenda juu mpaka karibu na usukani. Mchomeleaji anaweza kuifanya kazi hiyo asubuhi moja.

"Ila nipe kipimo, dada," akasema. Kisha akamalizia kwa upole zaidi kuliko nilivyostahili, "Kipimo cha mkono wa mzee."

Kipimo hicho sinacho. Mama hana. Hata shangazi, na ukali wake wote wa maneno, sidhani kama anacho. Miaka yote hii tumemheshimu baba kiasi kwamba hakuna anayejua.

Mvua inapungua. Dada wa kompyuta ya jirani ameondoka, sijui kwa harufu au kwa kuniona nalia. Nitalala kwa rafiki hapa Mbagala, na kesho nikifika nyumbani nitaoga, nitaazima futi ya mama ya kushonea, nitamwamkia baba na kukaa karibu naye, upande wa kushoto. Nimeshafanya mazoezi ya swali lenyewe hapa, kimyakimya.

Baba, mkono wako unafika mpaka wapi?