Homa Iliyokataa Kuwa Malaria

Alhamisi, Novemba 1996. Saa tisa alasiri, benchi la nje ya wodi ya wanaume.

Mvua imegoma tangu asubuhi. Mawingu yamekaa juu ya ziwa tu, joto linakaba, wadudu wa ziwani wameingia mpaka kwenye chupa yangu ya chai. Sina hamu ya kuongea na mtu. Kila anayepita anasema pole, na kila pole inaniudhi.

Nimchukie nani kwanza? Nianze na shemeji.

Masatu ni kaka mkubwa wa mume wangu. Alikuwa karani wa pamba kule Magu. Ushirika ulipoyumba akahamia Mkuyuni, akanunua kabati la kioo na jokofu bovu, akaandika ukutani "Duka la Dawa" kwa rangi nyekundu. Siku hizi kila kitu ruksa. Juzi ulikuwa unapima marobota, leo unapima watu. Anavaa koti jeupe hata akienda sokoni, watu wanamwita daktari, naye anaitika.

Mume wangu, Magesa, alirudi kutoka Bombay wiki tano zilizopita akiwa na vali ya chuma moyoni, kile kilango kinachopitisha damu. Ile ya kuzaliwa nayo iliharibika tangu utotoni, kwa mafindofindo ambayo hayakutibiwa. Walimfungua kifua, wakausimamisha moyo, mashine ikashika kazi ya moyo na mapafu kwa saa kadhaa, kisha wakauamsha tena. Nilikuwa naye kule. Tulipewa karatasi ya maelekezo kwa Kiingereza, kurasa mbili. Nafundisha darasa la saba, Kiingereza cha namna ile nakisoma. Ilisema anywe dawa ya kuzuia damu kuganda kila siku, maisha yake yote. Na ilisema asichomwe sindano ya msuli, maana damu isiyoganda ingevujia humo ndani. Mstari huo walikuwa wameupigia wino chini.

Wiki iliyopita homa ikaanza. Kifua kinamuuma akivuta pumzi, akilala chali ndiyo zaidi, akiinama mbele anapata nafuu kidogo. Hapa Mwanza homa haina maswali, ni malaria. Tulimpima damu, hakikuonekana kidudu hata kimoja. Shemeji akacheka.

"Imejificha hiyo," akasema. "Malaria ya mtu aliyetoka safari huwa inajificha. Ukisubiri ijitokeze, shemeji, utazika."

Mama mkwe alikuwa amekaa pembeni, amefika kutoka Musoma na kuku wawili wa shukrani. Akaniangalia. "Mwanangu, kaka yake ndiye mtaalamu hapa. Sisi wengine tushike kazi ya uji."

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo.

Nilijua. Karatasi ilikuwa ndani ya sanduku chini ya kitanda, hatua nne kutoka niliposimama. Lakini mke anayemsahihisha kaka mkubwa wa mumewe mbele ya mama yao anapewa majina, na mimi majina ninayo ya kutosha tangu nilipopanda ndege na mume wangu. Wanasema namficha, nawafungia wageni mlango, Kiingereza kimenipanda kichwani. Nikaona niwe mke mwema kwa siku moja. Nikamshika Magesa mguu asitikisike.

Sindano tatu za klorokwini, siku tatu mfululizo. Homa haikushuka. Siku ya nne tako la kushoto lilikuwa limevimba, gumu, jeusi kama bilinganya, na weusi ule unashuka pajani. Mama mkwe akasema ndiyo malaria inatoka.

Siku hiyohiyo nikamleta hapa hospitali. Daktari hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Alinisimamisha koridoni akanieleza taratibu, kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu. Homa haikuletwa na mbu. Damu ikizungushwa nje ya mwili kwenye mipira ya mashine, mwili unashtuka na kuanzisha vita kila mahali. Moyo nao ulikaa bila hewa, na hewa iliporudi ghafla ikazaa sumu nyingi kuliko mwili unavyoweza kuzizima, kama jiko la mkaa unalolipuliza kwa pupa likatupa cheche mpaka kwenye mkeka. Kwa wengi mambo hutulia baada ya siku chache. Kwa wachache mwili unaendelea kupigana na jeraha lake wiki nyingi baadaye, na utando unaozunguka moyo unavimba, unajaa maji. Dawa yake ni vidonge vya kutuliza uvimbe, na kupumzika.

"Mngemleta siku ya kwanza," akasema, "sasa hivi angekuwa anatembea."

Vidonge. Hata shemeji anavyo kabatini kwake, nimeviona kwa macho yangu.

Sasa tumekwama. Wakipunguza dawa ya damu, damu inaweza kuganda kwenye vali. Wakiendelea nayo, anavujia ndani, na yale maji yanayouzunguka moyo yanaweza kugeuka damu yakaubana. Wamechora mstari wa kalamu kuzunguka weusi wa paja. Weusi ukivuka mstari, tuwaite. Nimeshinda nauangalia mstari huo.

Jana daktari aliuliza ni nani aliyemchoma. Nilisema sijui.

Mwalimu mzima, mtu wa kanisani, sijui.

Leo saa saba, saa ya kuona wagonjwa, shemeji akaja. Koti jeupe, mfuko wa plastiki mkononi. Hakusalimia mtu. Akaanza kumweleza nesi kwamba klorokwini imeshindwa, sasa ni zamu ya kwinini, na kwamba yeye mwenyewe amekuja nayo. Daktari alikuwa kitanda cha pili. Nikamwita, nikasema mbele ya wodi nzima.

"Aliyemchoma ni huyu. Aliyeshika mguu ni mimi. Karatasi ilikataza, na niliisoma."

Shemeji akasema nimepata kichaa. Mama mkwe alivuta kanga kichwani akaangalia sakafu. Daktari akataka hiyo karatasi, nikaitoa kwenye mkoba, nilikoificha tangu siku tulipomleta. Akaisoma yote amesimama, akamwambia shemeji atoke na mfuko wake na asionekane nao tena humo ndani.

Nilijisikia vizuri. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilimwangalia akitoka na lile koti lake, nikafurahi, na kwa dakika nzima sikumkumbuka mgonjwa.

Magesa alisikia yote. Nilidhani atanitukana, nilikuwa nimejiandaa. Aliomba maji tu. Nilipomwinulia kikombe akageuza uso ukutani.

"Mama anipe," akasema.

Nikampa mama mkwe kikombe, nikatoka, nikakaa hapa. Chuki yangu kwa shemeji iko palepale, sipunguzi hata chembe. Ila naona haitoshi kufunika kitu chote kilichotokea chumbani kwetu siku ile.

Basi anywe kwa mkono wa mama yake, ilimradi anywe. Kesho daktari ataamua juu ya dawa ya damu, na atataka mtu wa kumjibu ukweli. Nitakuwepo saa moja asubuhi, kabla ya mtu yeyote wa ukoo, hata kama mgonjwa mwenyewe hataki kuniona.