Mashine Ikisinzia, Usiichomoe Waya

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimefanya balaa! Mke mwenzangu — mjukuu wangu, mchoraji wa ramani za nyumba — aliinuka kwenye kompyuta yake pale sebuleni, akaenda kuoga. Kioo kikawa cheusi tii. Nikasema chungu hakipo jikoni, moto wa nini? Nikachomoa waya ukutani.

Kumbe haikuzimika. Ilikuwa inasinzia tu! Katoka bafuni na povu sikioni, kuwasha — wodi ya wazazi aliyoichora tangu asubuhi haipo. "Bibi, umeniua!" Nikamwambia maiti gani anapiga kelele hivyo. Kisha nikamkumbatia na povu lake. Ni kazi yake ya kwanza ya peke yake, zahanati nzima, na wenyewe wanaitaka Ijumaa jioni. Akichelewa wanampa mwingine.

Jumanne, 4 Machi

Hasira zimeisha, kanieleza vizuri. Mashine ina usingizi wa aina mbili. Kusinzia: kazi bado iko kichwani, lakini umeme ukikatika inasahau yote. Kulala fofofo: kwanza inaweka kila kitu kabatini, ndipo inalala. Hapo hata uchomoe waya, ikiamka inakuta vitu vyake. Sasa kaitegesha iwe inalala fofofo. Na wodi anaichora upya.

Marehemu mume wangu alikuwa wa kusinzia. Zima redio uone — "Nilikuwa nasikiliza!" Uongo mtupu, mate kidevuni.

Alhamisi, 6 Machi

Mimi nisiyewahi kuuona mlango wa shule, herufi nimezisoma kwenye magunia ya unga — leo nimeendesha kompyuta! Kanionyesha pa kutafuta mishono ya vitambaa vya kufuma. Lakini masharti: neno la siri halitajwi, na usichokijua hukibonyezi. Nikamjibu, hata mlango wangu simfungulii kila abishaye hodi. Akacheka: Bibi, wewe huwafungulia hata wauza ndoo, unawaweka chini wanakunywa chai.

Kweli. Wana njaa wale.

Ijumaa, 7 Machi

Mke mwenzangu kaenda kiwanjani kupima mara ya mwisho. Zahanati yote imo ndani ya kompyuta, akirudi anaituma. Nikakaa kutafuta mshono wa pembeni. Mara kikatokea kisanduku chekundu, kinalia kama king'ora! Kompyuta yako imeingiliwa, usiizime, piga namba hii. Moyo paa! Nimeiua tena? Nikapiga.

Kapokea mwanamume, sauti asali. Shikamoo mama, usiogope, tupo kwa ajili yako. Andika hiki, fungua kile, sasa bonyeza "Kubali" niingie nikutengenezee. Kidole kilishafika! Ndipo akaongeza: na watu wa nyumbani usiwaambie, watakuchanganya tu.

Kidole kikarudi. Fundi gani huyo wa kujificha? Fundi wa kweli anataka mtaa mzima umwone na ngazi yake!

Nimemwambia subiri, natafuta miwani. Miwani iko puani. Naandika humu daftarini, simu nimeilaza mezani, sauti juu.

— Mama, upo? Haraka, kazi zote zitafutika!

— Nipo. Umekula?

— ...Mama, bonyeza Kubali.

— Sibonyezi, na wewe unajua kwa nini. Zahanati ya mjukuu wangu huipati ng'o. Sasa niambie, mwanangu. Mama yako anaijua kazi unayofanya?

Nyuma yake nasikia wenzake, wengi, kila mmoja na simu yake: usiogope mama, usiogope baba — kelele kama sokoni.

Kajibu kwa sauti nyingine, ndogo. "Anajua niko ofisini."

Geti limelia. Mke mwenzangu huyo kaingia, futi ya kupimia shingoni, kaona kisanduku chekundu, kaona simu. Ananipungia mikono yote miwili: kata, Bibi, kata!

Yule wa kwenye simu hajakata. Nami sijakata.