Tumecheza TV Game na Mama Mkwe, Sasa Hatoki Chumbani

Shangazi Mbeke,

Nakusalimu kutoka Kitengela. Nina shida, na naomba unisaidie bila kunicheka kabla hujafika mwisho, maana nikiwasimulia watu wa kazini wanacheka, na kwangu nyumbani hakuna anayecheka.

Mimi ni Mmaasai, nauza matangi ya maji, mke wangu anaitwa Nashipae na tuko na watoto wawili. Mwaka jana baba mkwe alifariki, ng'ombe wao wengi walikuwa wameshakufa kwa kiangazi, mama mkwe akabaki peke yake kule Bisil, kwa hivyo Nashipae akasema mama aje tukae naye nami nikakubali kwa moyo wote, ila nadhani unaijua mila yetu. Kwetu mwanamume hakai na mama mkwe wake, hawali pamoja, hawashikani mikono wala hawatajani majina, mimi namwita Paker kwa sababu ya kondoo niliyempa wakati wa harusi, naye ananiita hivyo hivyo. Sasa nyumba yetu ni ya kupanga, sebule ni moja, kwa hivyo nikiingia yeye anaingia chumbani na nikitoka ndipo anatoka, na mama huyu ambaye Nashipae anasema alikuwa akiimba kila akikamua, akawa haongei hata na wajukuu, anaangalia ukuta tu.

Juzi juzi nilienda kumsaidia mama yangu mzazi kupanga stoo nikaipata TV game yetu ya zamani, ile nyeupe ya kaseti ya manjano, ambayo baba alituletea nikiwa shule ya msingi. Shangazi, nilikaa chini kwenye vumbi nikaipakata. Wakati ule Kitengela ilikuwa mbuga, ukiangalia dirishani unaona nyumbu, tivii yetu ilikuwa ya kutumia betri ya gari, na mimi na kaka yangu tulikuwa tunapuliza kaseti, tunaigongagonga, tunaichomeka, kisha tunaomba betri isiishe kabla zamu yako haijafika. Mchezo wetu ulikuwa pinball, ule wa kampira kanakorushwa juu kanagonga taa na kengele, nawe una vibao viwili tu vya kukazuia kasitumbukie chini. Kaka yangu alienda ng'ambo akaoa huko, siku hizi tunasalimiana Krismasi, lakini nikisikia ile kengele namsikia akinisukuma na kiwiko ili nikose. Nilitamani nirudi pale hata kwa jioni moja.

Fundi wetu Musila akaichomelea waya, ikawaka. Watoto waliijaribu, wakaionea huruma, wakarudi kwenye simu zao. Mimi nikawa nacheza peke yangu baada ya kazi, hadi siku moja nilirudi mapema na nikiwa bado nje nikasikia kengele zinalia, nikachungulia dirishani, na ni Paker amekaa kwenye stuli na shuka lake, pad ya kubonyezea mkononi, anacheka mwenyewe. Nilirudi nyuma nikakohoa kama inavyotakiwa, akaingia chumbani, lakini hakuzima, na pointi zilizokuwa kwenye tivii zilikuwa nyingi kuliko zangu. Nikazipita, nami nikaacha bila kuzima. Kesho yake akanipita yeye.

Basi tukaanza hivyo. Pinball ile ina sehemu ya watu wawili wanaopokezana, kwa hivyo mimi nacheza mpira wangu, ukianguka naweka pad kwenye stuli, natoka barazani na kukohoa, yeye anatoka chumbani, anacheza wake, anarudi na kugonga mlango kutoka ndani, naingia mimi. Nashipae alikuwa anacheka jikoni hadi anamwaga chai. Siku moja Paker akaniambia akiwa nyuma ya mlango, "Paker, hii mpira ni kama mbuzi mtoro. Wewe unakimbiza yeye. Wacha azunguke, ngojea yeye kwa mlango." Nikafanya hivyo na kweli pointi zikapanda, na nikaanza kumsikia akiimba asubuhi nikivaa viatu.

Jumapili iliyopita baada ya kanisa ilikuwa zamu yake, mimi niko nje nachungulia, mpira ukapanda hadi kule juu ambako mimi na kaka yangu hatukuwahi kufika utoto wetu wote, taa zote zikawaka, kengele zikalia mfululizo, na Shangazi nilijisahau kabisa, nikakimbia ndani nikachuchumaa kando ya stuli yake nikisema ngoja, Paker, ngoja usibonyeze, naye akanishika mkono akauminya, tukawa tunapigia tivii kelele pamoja kama watoto. Hapo ndipo mlango ulifunguka. Alikuwa Lemein, kaka mkubwa wa Nashipae, ametuletea maziwa kutoka Bisil.

Mama alijifunika kichwa akakimbilia chumbani. Lemein aliweka maziwa chini akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama yangu si beshte yako wa kucheza naye. Jumamosi nakuja na gari, anarudi nyumbani." Tangu siku hiyo mama anakula chumbani, haimbi, nikikohoa hajibu. Nashipae analia jikoni na anasema TV game itoke kwake. Nimeshaifunga kwenye mfuko, ila sijui nimpe Musila au nimpe mama aende nayo, maana kule Bisil Lemein anashinda sokoni na mifugo wiki nzima na mama atakuwa peke yake tena. Mimi namwogopea. Nifanye nini?

Ledama, Kitengela


Ledama,

Nimefika mwisho na nimecheka, unisamehe, ila nilicheka huku nikifuta macho.

Kwanza nikugombeze, kwa sababu umejitafutia. Ulikuwa umepata njia ambayo hakuna mzee angeilaumu: unakohoa, unatoka, pad inakaa kwenye stuli. Halafu kwa sababu ya kengele za tivii unaruka hadi ubavuni mwa mama mkwe, wewe baba wa watoto wawili. Usiniambie ulijisahau. Mkono uliominywa ulikuwa wako, lakini aibu imembakia yeye, na ndiye amejifungia ndani wakati wewe unaenda kazini kuchekwa na marafiki.

Mila hiyo ninaijua. Sisi Wakamba tunaiita nthoni. Mume wangu akija kwetu, mama yangu alikuwa anakata kona na kuchutama kwenye mahindi hadi apite, na kitambaa chake chekundu kilionekana tangu barabarani, na mume wangu alijifanya anaangalia milima upande ule mwingine. Ukifika nyumbani unakuta mama ameshamwekea kuku. Waliishi hivyo hadi mama akatutoka, na siku ya mazishi mume wangu alilia kutushinda sisi aliotuzaa. Hadi leo nikiona mahindi yametingishika bila upepo, moyo wangu unaruka. Kwa hivyo usije ukadhani heshima ndiyo iliyoharibu mambo kwenu. Mlipendana vizuri kabisa mkiwa na mlango katikati.

Lemein ana haki ya kuumia. Usibishane naye na usimpigie simu. Chukua mzee mmoja wa kwenu, mwende Bisil kabla ya Jumamosi, ukubali kosa kwa maneno machache na umwache mzee aulize kinachotakiwa. Wakitaka kondoo, toa kondoo. Mama naye anunuliwe blanketi zuri, na alipokee kutoka kwa Nashipae, si kwako.

TV game itoe kwenye mfuko leo, uirudishe kando ya tivii. Ukimpa Musila utakuwa umekiri kwamba kulikuwa na uchafu nyumbani mwako, na hakukuwa. Wala usimfungie mama aende nayo. Kule atacheza na nani? Huyo mama hakutolewa chumbani na taa wala kengele. Alitoka kwa sababu upande wa pili wa mlango kulikuwa na mtu anayemngoja amalize zamu yake, na wewe ulimhitaji hivyo hivyo, kwa sababu kaka yako yuko mbali.

Lakini kuna jambo limenikera katika barua yako yote. Lemein ameamua, mke wako ameamua, wewe umeshafunga mfuko, na mwenye maisha yake hajaulizwa na yeyote. Mwambie Nashipae apanguse machozi, aingie chumbani kwa mama yake, akae chini na kumuuliza anataka kuishi wapi. Akishauliza anyamaze, asimsaidie kujibu, hata kama chai itapoa. Jibu atakalopewa ndilo utakalompelekea Lemein, na likiwa ni Bisil, utambebea mizigo hadi kwenye gari na hutasema neno.

Shangazi Mbeke