Mchicha wa Dukani

Mama,

Mola akuweke pema. Tangu tukuzike nimekuja kaburini kwako mara kadhaa, nikasoma Fatiha, nikaondoka mbio kama mtu aliyeacha gari katikati ya barabara. Ukweli ni kwamba siwezi kusimama mbele yako. Nakuandikia kwa sababu kwenye karatasi hunitazami.

Baridi inakwisha hapa mtaani kwetu Azaiba. Asubuhi mtu bado anataka shali, ikifika adhuhuri anatafuta feni. Ni wakati ule ambao ulikuwa hukai ndani, ni bustanini tu. Ulikuwa ukinipa figili mkononi, bado inachuruzika maji ya mpira, limau na chumvi viko kwenye kisosi, tunakula tumesimama pale pale uani. "Kula cha wakati wake, mwanangu," ulikuwa ukiniambia, "usile cha friji." Nami nikitafuna huku naangalia saa nisichelewe kazini.

Basi Mama, bustani yako imekufa. Nalisema wazi. Ulipofariki joto ndilo lilikuwa linaanza, nyumba ikajaa watu, kisha wakaondoka, na mimi sikushika mpira wa maji hata siku moja. Mchicha ulisimama ukakauka. Nyanya, mabilingani, vyote. Nikishuka garini nilikuwa nageuza uso upande wa pili.

Msimu wa baridi ulipoingia, sahani zikaanza kuja. Unawajua majirani zako. Khalti Zuwena, shoga yako wa ukuta kwa ukuta, ndiye aliyekuwa wa mwanzo. Leo mkate wa mofa, kesho muhogo wa nazi, akisema ni sadaka yako. Nawe ulitulea kwamba chombo cha watu hakirudi kitupu. Kutoka kwako hakikurudi na sukari wala biskuti, kilirudi na mchicha, ule wako wa mishipa myekundu, ambao mbegu zake ulikuja nazo kutoka Pemba zimefungwa kwenye ncha ya kanga. Sasa mimi nirudishe nini? Nikaenda dukani nikanunua mchicha. Nikautoa nailoni, nikaukata mizizi, nikaulaza kwenye sahani na kuufunika kwa kitambaa chako kile cha kutarizi. Asya mke wangu alinitazama, kisha akaendelea kuosha vyombo.

Khalti akapokea. "Mkono wa mamako haujatoka bustanini," akanambia. Nikajibu alhamdulillah. Mama, nilimshukuru Mungu juu ya uwongo. Na nikaurudia, sahani baada ya sahani, mpaka nikazoea.

Wiki tatu zilizopita Khalti akaniita ukutani. Mbegu alizobakisha zimeliwa na wadudu, na anataka kupanda kabla jua halijawa kali. "Nipe mbegu za mamako, hata kiganja kimoja." Nikasema nitaleta. Nikatoka hapo moja kwa moja mpaka duka la miche, nikanunua pakiti, nikaimwaga kwenye kipande cha kanga yako na kufunga fundo kama ulivyokuwa ukifunga wewe. Nilikuwa nimekusudia kwenda nalo, na sahani yake nimejaza mboga za dukani kama kawaida. Nilipofika mlangoni pake sikubisha hodi. Mboga huliwa ikaisha. Mbegu huota, na hizi zingeota mbele ya macho yake, zikinisuta kila asubuhi.

Nikarudi nyumbani nikamwaga vyote kwenye pipa la taka. Nikaenda tena, na sahani tupu. Mtu mzima wa miaka hamsini, kanzu ya dishdasha imepigwa pasi, namkabidhi bibi wa watu sahani tupu. Nikamweleza yote, maneno yakitoka vipande vipande.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Huo mchicha wako nilikuwa nnawapelekea mbuzi wa mwanangu kule Qurayyat," akasema. "Na hata wao wakiuchaguachagua."

Nilitamani ardhi inimeze. Yeye akavaa viatu, akaja mpaka uani kwetu, akapekuapekua udongo mkavu kwa ncha ya fimbo. "Usichimbe," akasema. "Mchicha wake ulikaukia hapa na mbegu zake. Tia maji tu, usubiri."

Nikatia maji kila alasiri nikitoka kazini. Vikaanza kutokea vimea vidogo, mpaka uiname ndipo uvione. Nikamwita Khalti aje aangalie, kwa sababu, na hili nalo ni aibu, sikujua kama ni mchicha au magugu. Aliinama kwa tabu, akang'oa kimoja, akakigeuza chini ya miwani yake. Kisha akakaa chini kwenye udongo na buibui lake, akalia. Kwenye msiba wako yeye ndiye aliyekuwa akitubembeleza sisi, hakutoa chozi. Sasa alilia kwa sauti. "Ndio huu," akawa anasema. "Ndio huu wa Rayya," akikutaja jina lako.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nilidhani nalinda jina lako mtaani. Kumbe yule mama, msimu mzima, alikuwa akifunua kitambaa akikutafuta wewe, na mimi nikimpa mboga za watu nisiowajua. Alijua, na bado akaendelea kuniletea mkate. Mama, aibu hii sijui niiweke wapi.

Mchicha ukifika wa kuchuma, sahani ya kwanza ni yake, kabla sisi hatujaonja. Mashina mazuri nitayaacha yazae mbegu, nusu zake na nusu zetu. Figili nitaipanda baridi ikirudi, inshallah, na nitaila nimesimama, bila saa. Ijumaa nitakuja kwako, na safari hii sitokimbia. Nakuomba radhi, Mama. Lala kwa amani.

Khalti anakusalimu sana. Amesema siku ya kuchuma tutachuma pamoja, kwani peke yangu haniamini.

Mwanao,
Said