Wifi Amenisamehe

Mwenzangu, nimekaa kwenye cherehani na gauni la wifi mapajani, lile la kuhitimu darasa la ukomavu wa kiroho. Mkono mmoja nimeshautia. Wa pili umenishinda.

Wifi amenisamehe. Leo, mbele ya darasa zima, nami nimekaa humo humo!

Mwalimu aliuliza nani kiroho ameacha maziwa ya kitoto na sasa anakula chakula kigumu cha watu wazima. Wifi akasimama, machozi tayari. "Nimemsamehe wifi yangu. Alinifungia mlango mama yangu alipokuwa anaumwa, mpaka akafa sijamwona."

Nilimfungia mlango. Mimi!

Wewe ulikuwa unakuja kunisaidia kumgeuza mama mkwe kitandani. Uliwahi kumkuta wifi pale? Hata siku moja?

Wakapiga makofi. Mwalimu akasema, "Huu ndio ukomavu! Na wewe, dada, unaupokea msamaha?"

Ningesema nini? Nikikataa, mimi ndiye mchanga wa kiroho, mwenye kinyongo. Nikipokea, basi kweli nilimfungia mlango.

Nikasema amina. Nimesema amina, mwenzangu.

Akaja kunikumbatia, akaninong'oneza, "Asante, wifi. Gauni litakuwa tayari lini?"

Nimejaribu kumwelewa. Labda bila uongo huo hapati usingizi. Lakini mama alikuwa akiliita jina lake, na mimi ndiye niliyekuwa naitika.

Mkono wa pili nitautia kesho. Nikishika mkasi sasa hivi nitamharibia makusudi, halafu nitasingizia cherehani.