Nguruwe Wawili kwa Kosa la Chanjo

Jumatatu, 4 Machi 2019

Upuuzi! Mashine ya hospitali hapa Kundiawa imesema mjukuu wangu Mondo ana kifua kikuu. Basi wakwe wameshapata mkosaji: dada yangu Yuana, aliyemaliza dawa za ugonjwa huohuo mwaka jana, na ndiye humbeba mtoto katika mfuko wake wa kufuma. Lakini jipu liko kwapani, mkono uleule aliochanjwa! Chanjo ni bakteria hai, ndugu mnyonge wa yule muuaji. Mashine yetu inawaona ukoo mmoja. Daktari Siune anakubali. Anapeleka usaha Australia wakapime jeni — yule wa chanjo ana kipande kilichokatika.

Nikamwomba Bomai, baba mkwe wa binti yangu Gelua, mama wa Mondo, asubiri majibu.

"Mkwe, subiri wewe na magazeti yako. Sisi tunataka nguruwe wa fidia."

Jumamosi, 16 Machi

Wamelipwa. Mimi nilikuwa mji mkuu, Moresby, namrarua waziri kwenye makala. Yuana kawakokota mwenyewe nguruwe wake wawili, kawakabidhi hadharani. Kwetu anayelipa amekiri! Kwa nini, mwanamke?

"Kaka, bila nguruwe wangemfukuza Gelua, mtoto wabaki naye. Kelele zako zinanyonyesha?"

Nikachukua shoka, nikamkatia kuni. Mimi!

Jumatano, 24 Aprili

Siune kapiga simu. Bakteria wa chanjo! Yuana hana hatia! Nilipiga meza hadi mbwa akatoka mbio.

Siune hakucheka. Chanjo hii inaokoa watoto wengi, anasema. Mwenye kinga nzima huota jipu tu, likapona. Kwa Mondo bakteria wamefika mapafuni. Kinga yake ina kasoro — pengine kazaliwa nayo, pengine ni virusi vya ukimwi kutoka kwa mama. Gelua apimwe damu.

Nilikuwa nimeshaanza makala ya ushindi. Nimeichana.

Jumamosi, 27 Aprili

Mondo kabadilishiwa dawa. Bado anahema kwa shida. Gelua hataki kupimwa: fundi wa maabara ni binamu ya mumewe, habari itafika nyumbani kabla yake.

Nilimweleza Yuana majibu ya Australia, nikidhani atafurahi. Kanikata kauli. "Wamekula, wameshiba, wananisalimia. Ukinisafisha mimi, watamgeukia nani?"

Miaka yote naandika kwamba ukweli hauombi ruhusa. Mpumbavu!

Bomai yuko uani sasa hivi, na ndugu zake. Hata kuketi hawataki.

"Haya, msomi! Tumesikia Australia wamejibu. Nani kamtia mtoto wetu ugonjwa?"

Nimeingia ndani eti natafuta miwani. Ninayo puani. Naandika nimesimama.

Huko nje Yuana anapaza sauti, makusudi, nisikie: "Mnamuuliza nini huyo, wazee? Ni mimi. Si nililipa?"

Wananisubiri nitoke nikanushe. Gelua naye yuko mlangoni, mtoto kifuani, anautazama mkono huu unavyoandika —